Chetezo Hakipandi Gari Hili

Kaka yangu Muataz ana tabia moja: akishaamua jambo peke yake, huliita uamuzi wa familia. Familia yenyewe ni watu watatu, yeye, mimi na Mama. Kwa hiyo siku ile aliposimama ukumbini na kusema, "Familia imeona ni bora gari liuzwe," nilimuuliza familia hiyo ilikutana lini na nani aliipikia kahawa, maana mimi nilikuwa nimetoka Mkange dakika ile ile na vumbi lingali kwenye kope.

Gari lenyewe ni hatopu, Lendikruza ya paa la bati aliyoiacha marehemu baba yetu, Darwesh, Mungu amrehemu. Linanizidi miaka miwili na lina afya kunishinda. Lina injini ya petroli ya silinda sita, mkonga wa kulivusha kwenye maji, na mabenchi mawili ya kutazamana nyuma. Baba alilinunua Tanga, na kadi akaiandikisha kwa jina la Mama, Raghad. Alisema mwanamume anaweza kufa wakati wowote, lakini Raghad hajapewa ruhusa. Alikufa kweli, miaka miwili iliyopita, na tangu hapo usukani nimeushika mimi.

Jumanne na Ijumaa natoka kwetu Bagamoyo naenda Mkange. Nachukua watu, magunia ya ufuta, kuku, na mgonjwa akiwapo namlaza kwenye godoro katikati ya mabenchi. Kiangazi tunakuwa wengi njiani. Mvua zikianza, pale barabara inapogeuka tope wenzangu hugeuza, mimi huendelea. Watu wa kule wananiita Miza Hatopu, na sijawahi kupewa jina nililolipenda zaidi.

Tatizo ni petroli. Injini ile inaipenda petroli kama Mama anavyoipenda kahawa, bila haya. Bei ikipanda, mwenye bajaji ya mjini anapandisha nauli kesho yake. Mimi siwezi, kwa sababu mkulima wa ufuta hauzi ufuta kila siku, na mgonjwa hachagui siku ya kuugua. Basi ikafika mahali gari linakwenda na kurudi, na kilichobaki mkononi ni vumbi.

Hapo ndipo Muataz alipomleta Nurudin. Nurudin ni mtu mstaarabu, sina ugomvi naye, anauza viwanja Mapinga. Alitaka hatopu la kuwapeleka wateja wake wa Dar kutazama viwanja, ili wajione wako porini. Mabenchi ya Baba angeyang'oa, gari angelipaka rangi nyeupe, na mlangoni angeweka picha yake. Niliposikia habari ya picha, damu ilinichemka.

"Haliuzwi," nikasema. "Nitaliachisha petroli."

"Litakunywa nini? Maziwa?" Muataz akauliza.

"Gesi. Ile ile unayochemshia chai."

Nilikuwa nimekwisha kulifikiria kwa muda mrefu. Magari mengi ya Dar yanatumia gesi asilia, lakini mitungi yake ni mizito na vituo vyake viko huko kwao, na mimi safari yangu inaelekea upande mwingine. Gesi ya kupikia tangi lake ni jepesi, na Kerege palikuwa na fundi anayefunga na kujaza hapo hapo. Nilimweleza Muataz hayo yote kwa utulivu, jambo ambalo kwangu si dogo.

"Mama, umesikia?" alisema. "Anataka kukupakia juu ya bomu."

"Mkeo anapikia nini? Kuni?"

"Jiko la mke wangu haliruki mashimo ya Mkange!"

Hapo alisema kweli, na kweli ikitoka kwa Muataz huniuma mara mbili.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kadi ya gari ina jina la nani?" aliuliza. "Basi nisikilizeni. Ijumaa ya wiki ijayo nataka kwenda Mkange kumsalimia shoga yangu Mwanajuma. Miza, hiyo gesi yako ifunge. Unipeleke, unirudishe. Nikirudi salama, gari haliuzwi maadamu ningali hai. Likitushinda, Nurudin alichukue jioni ile ile, na kilio sitaki."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Muataz akaniambia tukitoka.

"Basi Idi mwaka huu inaangukia Ijumaa," nikamjibu.

*

Fundi Zishan wa Kerege ni Mhindi wa Bagamoyo, wa ukoo uliokaa dukani kwa vizazi vinne. Yeye peke yake aliiacha kaunta akaingia chini ya magari, na kaka zake hawajamsamehe mpaka leo. Kwa hilo tu nilimpenda kabla sijaona kazi yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti Darwesh. Gari la mzee hili? Nilimbadilishia difu mimi." Akalizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akapiga sakafu kwa kiganja. "Tangi tunaliweka hapa ndani, nyuma ya kiti cha mbele. Tunalifungia kwenye sanduku, tunatoa bomba la hewa nje. Siku moja, kazi imekwisha."

"Hapo analala mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Yeyote. Hapo ndipo mahali pake. Tangi likae chini, palipo na tairi la akiba."

Zishan akacheka. "Chini kuna mawe, mama. Wewe si ndiye unayekwenda Mkange? Nikuning'inizie tangi la gesi chini uende kulipigisha kwenye mawe, halafu watu waseme Zishan ameua?"

"Nani amesema lining'inie? Lipande. Likae juu ya kiwango cha difu, lile bonge la katikati ya ekseli. Lisishuke chini yake hata upana wa kidole."

"Unanifundisha kazi?"

"Ya gari unaijua wewe. Ya njia naijua mimi."

Nikaenda mbele ya gari nikatoa ufito. Niliukata mwenyewe Ijumaa iliyotangulia, huko huko Mkange, pale katikati ya njia penye tuta na jiwe ambalo kila dereva analitukana kwa jina lake. Urefu wa ufito ule ulikuwa urefu wa jiwe, na juu yake nilikuwa nimeongeza upana wa ngumi. Nikamwambia, tangi likipita juu ya ufito huu, litapita juu ya jiwe. Zishan akaushika, akautazama, akalala chali juu ya boksi lake na kuingia nao chini. Alikaa huko muda mrefu akipimapima na kunung'unika kwa Kikachi, lugha ya kwao. Alipotoka hakucheka tena.

"Inawezekana," alisema. "Ila itakuwa kazi ya siku tatu, na tairi la akiba litahamia mlango wa nyuma. Na nitalivisha ngao."

Siku tatu nilishinda pale, na siku tatu tulibishana. Alitengeneza vyuma vya kubebea akavikaza kwa bolti kwenye chesisi, maana tangi lenyewe haliguswi na moto wa kuchomelea. Akalizungushia mikanda miwili yenye mpira ndani lisisuguane na chuma. Chini yake akaweka ngao ya bati nene, ile ambayo jiwe likiipiga, jiwe ndilo linalojuta. Bomba la shaba alilipitisha upande wa kulia, mbali na ekzosi, akalibana kila baada ya shubiri. Ndani, karibu na usukani, akaweka swichi ndogo: upande huu petroli, upande huu gesi. Alhamisi alasiri akalijaza, na si pomoni. Nafasi nane kati ya kumi, akasema, maana gesi ikipata joto inataka mahali pa kupumulia.

Kisha nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Akautia mfukoni.

"Kwangu mwenye gari hapewi ufunguo mpaka alale chini ya gari lake."

Nilidhani ni mzaha. Akanipa kopo la maji ya sabuni yaliyopigwa mpaka yakatoa povu, na brashi ya kupakia rangi. Nikajifunga kanga kiunoni nikaingia chini na baibui langu. Yeye alichuchumaa pembeni akinielekeza kila nati, na kila nati niliipaka.

"Gesi huioni," alisema. "Povu ndilo jicho lako. Ikivuja, povu linavimba kama linapumua. Na pua yako pia iamini. Gesi yenyewe haina harufu, hiyo ya kuoza wameitia makusudi ili ikushtue. Jambo la tatu, sikiliza vizuri: hii si moshi. Haipandi juu. Ni nzito, inashuka, inajikusanya chini kama maji kwenye kidimbwi, inangoja."

"Inangoja nini?"

"Mpumbavu mwenye moto."

Povu halikuvimba popote. Nikatoka, nikajikung'uta, akanipa ufunguo na spana moja ya saizi ya zile nati. "Nati mpya hujilegeza safari ya kwanza," alisema. "Kesho asubuhi, kabla hujawasha, lala tena. Usipoziba ufa, binti Darwesh, unajua mwisho wake."

"Nitajenga ukuta. Nitalala, fundi."

Nikaondoka Kerege gari likitumia petroli, na nilipokwisha kushika barabara nikabonyeza swichi. Gari lilishtuka kidogo, likakohoa mara moja, kisha injini ikatulia ikawa inaimba. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Niliimba mpaka Bagamoyo.

*

Ijumaa niliamshwa na harufu ya udi. Nyumba nzima ilikuwa imejaa moshi tangu alfajiri, maana Mama akiwa na safari hufukiza nguo zake, na siku ile alikuwa na safari ya kukata shauri. Mwanajuma alikwisha kupiga simu mara mbili kutoka Mkange kuuliza kama tumeshatoka. Nilikwenda nje nikaliangalia gari. Lilikuwa limesimama mbele ya baraza, safi, limetulia. Nikanusa, nikasikia udi tu. Nikajiambia nitalala chini yake nikimaliza chai. Nasema wazi, haikuwa chai. Ilikuwa kibri. Nilikwisha kujiona fundi.

Nurudin alikuwa amekuja mapema, amekaa barazani na kanzu yake iliyonyooka, Muataz akimmiminia kahawa. Nikawasalimia. Muataz akaniuliza kama nimeandika wasia.

Ndipo Mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, mkononi hina mpya, na mbele yake ameshika chetezo, makaa mekundu, udi ukitoa moshi. Kwetu hakuna kipya kinachotumika bila kufukizwa. Godoro likinunuliwa linafukizwa. Bibi harusi anafukizwa. Gari hili lilipokuja kutoka Tanga, Mama alilizunguka na chetezo mara saba, akakiingiza ndani chini ya kila benchi, na mwisho akakisukuma chini ya tumbo la gari kikae huko mpaka moshi umalizike. Leo gari lilikuwa na kitu kipya. Mimi, niliyekulia katika nyumba ile, sikulikumbuka hilo hata mara moja siku zote tatu za Kerege.

"Bismillahi," Mama akasema, na kuliendea gari.

"Mama, simama!"

Akasimama. Sikuwahi kumpigia mama yangu ukelele namna ile. Nilishuka ngazi za baraza nikasimama kati yake na gari, mikono nimeitanua.

"Chetezo hakipandi gari hili."

"Umesemaje?"

"Hakipandi, wala hakipiti chini. Leo wala siku nyingine. Nisamehe, Mama."

Muataz akaweka birika chini taratibu. Uso wake ulikunjuka wote. "Kwa nini, Miza?" aliuliza kwa sauti tamu. "Si umesema ni salama? Si ndiyo gesi ile ile ya chai? Mwambie Mama mbele ya mgeni kwa nini makaa yasikaribie gari."

Hapo nikajua nimebanwa. Nikisema kwa sababu ya gesi, nimelitamka neno lake la bomu kwa kinywa changu, na Nurudin anaondoka na gari. Nikinyamaza, makaa yanaingia chini ya tangi. Na Mama alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena, macho ya mtu aliyevuliwa mtandio mbele ya watu.

Nakiri nilifikiri kumwachia. Nilijiambia ni moshi tu, dakika chache, nilipima jana na hakuna kinachovuja. Mama atafurahi, safari itakwenda, gari litabaki. Ulikuwa ni uongo mdogo wa kutosha kiganjani. Kisha nikalikumbuka neno la Zishan, kwamba inajikusanya chini na kungoja, na nikakumbuka kwamba asubuhi ile sikulala.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu ya gesi. Gesi ni moto, Muataz, nani alikuambia si moto? Petroli nayo ni moto. Baba aliendesha moto miaka yote ile, na hakuna aliyechungulia tangi lake kwa kibiriti. Moto unatakiwa ukae mahali pake. Lila na fila havitangamani, na makaa na gesi havitangamani. Ukitaka kuliita bomu, liite. Mimi naliita tangi, na najua kila nati yake."

"Hata baba yako hakunikatalia kufukiza," Mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hata wewe ulipozaliwa nilikufukiza. Leo udi wangu umekuwa adui?"

"Udi wako unafunika harufu, Mama. Gesi ikivuja, naijua kwa pua. Tangu nimeamka pua yangu haisikii kitu isipokuwa udi. Nataka kusikia kama kuna kilichooza."

"Na kipo?"

"Sijui," nikasema, na kulisema neno hilo mbele ya Muataz kuliniuma kuliko yote. "Nilitakiwa kupima asubuhi na sijapima. Rudi barazani na chetezo chako, Mama. Nipime sasa hivi, mnitazame."

Akarudi. Nikachukua kopo, nikapiga sabuni, nikajifunga kanga, nikatandika mkeka na kulala chali mbele ya mnunuzi na kanzu yake. Nilianza mbele, kwenye bomba la shaba, nikaja nyuma nati baada ya nati. Povu lilikaa kimya. Nikafika kwenye tangi, nati ya kwanza inayotoka kwenye vali ya kufungia gesi. Nikapaka.

Povu likavimba. Kipovu kimoja kikubwa kama punje ya mtama, kikapasuka, kikaja kingine. Kilikuwa kinapumua, vile vile alivyosema fundi. Niliogopa. Si kwa ajili yangu pale chini, ila kwa hatua mbili zile ambazo Mama alikuwa amebakiza. Nilimwona akiinama, gauni la kijani, anakisukuma chetezo kwa mkono wa hina mpaka hapa hapa kilipokuwa kichwa changu.

Tumbo la gari lilikuwa limenificha. Hakuna aliyekiona kipovu kile ila mimi. Ningeweza kuikaza nati kimya kimya na kutoka nikitabasamu.

"Inavuja!" nikapiga kelele kutoka chini. "Nati moja. Hapa kwenye tangi."

"Alhamdulillahi!" Muataz akasema, na naamini hakujisikia alichokisema. "Nurudin, umesikia? Mama, umesikia mwenyewe?"

"Nyamaza," Mama akamwambia. "Miza, unafanya nini huko?"

"Naziba."

Nikafunga vali ya tangi. Nikachukua spana ya Zishan nikaikaza nati, robo ya mzunguko, ikakubali, kisha kidogo tena. Nikatoka chini, nikawaambia tungoje upepo ulipitie gari, na tukangoja, wote wanne. Udi ulikuwa unaishia kwenye chetezo barazani. Baadaye nikalala tena, nikafungua vali, nikapaka povu upya. Nikahesabu mpaka mia. Povu lilikaa kama sabuni ya kawaida kwenye beseni.

"Hakuna tena," nikasema.

"Wewe utasema kuna?" Muataz akauliza. "Ameficha. Mama, ataficha, hili gari analipenda kuliko sisi."

Nilitoka chini nimekwisha kuwa na jibu lake tayari, na halikuwa jibu la kusemwa Ijumaa. Lakini Mama alikuwa ameshuka baraza. Alikuwa ametoa viatu.

"Huyo fundi wako," akaniuliza, "alikupaje ufunguo?"

"Alisema mwenye gari hapewi ufunguo mpaka alale chini ya gari lake."

"Na mwenye gari ni nani?"

Siku zote tatu nilijiita mwenye gari, na Zishan akaniamini.

Mama akajifunga mtandio kichwani, akakaa kwenye mkeka, akalala chali polepole, mkono mmoja ameshika kiuno. Ana miaka sitini na nne. Muataz akamkimbilia, "Mama, utachafuka, Mama, watu," naye akamwambia asogee maana anamzibia mwanga. Nikalala kando yake. Tulikuwa bega kwa bega chini ya tumbo la gari la Baba, na nguo zake zilinukia udi mpaka machozi yakanitoka, au pengine hayakutolewa na udi. Nilimshikisha brashi. Nikamwonyesha nati ile. Akaipaka kwa makini, kama anavyopaka siagi, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ndiyo hii iliyokuwa inapumua?"

"Ndiyo hii."

"Na mimi chetezo ningekiweka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Pale pale, kati ya vichwa vyetu. Mama akapatazama.

"Ungeweza kuninyamazia," alisema chini chini, ili wa nje wasisikie. "Jana usiku nilikuwa nimekwisha kuamua gari nikupe. Ungeninyamazia tu, ningefukiza, lingekuwa lako."

"Ningekuwa na gari bila mama."

"Ungekuwa huna lolote, mpumbavu wewe. Ungekuwa umesimama karibu." Akanirudishia brashi. "Nioneshe na hizo nyingine."

Nilimwonyesha zote. Alizipaka zote. Nje tulimsikia Nurudin akikohoa kistaarabu na Muataz akimwambia avute subira. Tulipotoka, gauni la kijani lilikuwa na mafuta mgongoni na povu kwenye mkono. Mama akaipangusa hina yake kwa kanga yangu, akavaa viatu, akamgeukia Nurudin.

"Mwanangu, kahawa umekunywa?"

"Nimekunywa, mama, ahsante."

"Basi umefaidi kitu. Gari haliuzwi."

"Mama, safari hata hamjaianza!" Muataz akasema. "Ulisema mpaka mrudi salama."

"Nilisema hivyo nikiwa sijui gari langu. Sasa nimeshalilalia chini. Wewe umelilalia? Umeliita bomu wiki nzima na hujainama hata kulitazama."

Nilimfungulia mlango wa mbele. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi njiani kwa ule ukelele, lakini bado nilitaka apate chake. "Mito ya viti tungeifukiza ndani ya nyumba, ikipoa tukaileta," nikamwambia. "Hilo fundi hakulikataza."

"Ya nini? Nguo zangu zimefukizwa tangu alfajiri. Nikikaa humu, gari lote limefukizwa. Wewe pua yako itoe dirishani."

Kabla hajapanda akarudi barazani. Makaa yalikuwa bado mekundu kwenye chetezo. Akakiinua, akakitia mikononi mwa Muataz.

"Kishike vizuri, kina moto. Na usisogee nacho mpaka tupite kona."

Muataz akakishika. Angefanya nini, mtu wa miaka arobaini, mbele ya mama yake? Mama akapanda, akakusanya gauni lake, akafunga mlango kwa kishindo kama alivyokuwa akifanya Baba. Nikawasha kwa petroli. Injini ilipopata moto nikamwonyesha swichi, na yeye akaibonyeza mwenyewe kwa kidole cha hina. Gari likakohoa mara moja, likatulia.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, Mama."

"Twende. Mwanajuma atakuwa amekwisha kukaanga samaki."

Tukaondoka. Kwenye kioo nilimwona kaka yangu amesimama mbele ya baraza, mikono ameinyoosha mbali na tumbo, chetezo kinatoa moshi wa mwisho, na Nurudin akisogea hatua mbili kumkwepa.